Waya Usiohesabiwa: Chanzo cha Ajali ya Treni ya Clapham Junction na Kazi ya Hospitali

Msomaji wa Tanzania anaposikia habari za ajali ya treni, mawazo yake hurudi Igandu, mkoani Dodoma, ambako tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyopata hitilafu ya breki iliserereka kinyumenyume, ikagongana na treni ya mizigo, na watu zaidi ya 280 wakapoteza maisha. Makala haya yanaeleza ajali nyingine, iliyoua watu wachache zaidi na iliyotokea mbali na hapa. Imechaguliwa kwa sababu uchunguzi wake ulifanywa hadharani, hatua kwa hatua, na ripoti iliyotolewa ilifuatilia kosa hadi kwenye waya mmoja na saa za kazi za mtu mmoja. Mhudumu wa afya akiisoma habari hiyo kwa makini atayatambua mengi yanayotokea wodini kwake.

Clapham Junction ni makutano ya reli kusini mwa London, mojawapo ya yanayopitiwa na treni nyingi kuliko yote nchini Uingereza. Jumatatu tarehe 12 Desemba 1988, yapata saa mbili na dakika kumi asubuhi, treni iliyotoka Basingstoke kuelekea kituo cha Waterloo ilikuwa ikikaribia hapo ikiwa imejaa watu waliokuwa wakienda kazini. Dereva aliiona taa ya ishara iliyo mbele yake ikiwa ya kijani. Alipokuwa karibu kuipita, ikageuka ghafla kuwa nyekundu, naye hakuwa tena na nafasi ya kusimama. Kanuni za reli zilimtaka dereva aliyepita taa nyekundu asimame na kutoa taarifa, na hivyo ndivyo alivyofanya: alisimamisha treni kwenye taa iliyofuata, akashuka, akapiga simu iliyokuwa kwenye nguzo ya taa hiyo. Mfanyakazi wa chumba cha ishara alimjibu kwamba kwa upande wake hakuona tatizo lolote.

Nyuma yake ilikuwa ikija treni kutoka Poole. Kwa kuwa mbele palikuwa na treni iliyosimama, taa ile ilipaswa kubaki nyekundu. Haikuwa hivyo. Dereva wa treni ya Poole alikuja akiamini njia ni nyeupe, akakata kona katika sehemu ambayo reli imepita ndani ya mtaro mkubwa uliochimbwa ardhini, ndipo akaiona treni iliyosimama. Alifunga breki, lakini umbali uliobaki haukutosha. Aligonga akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na yeye mwenyewe akafa. Muda mfupi baadaye treni ya tatu, isiyo na abiria, iliyokuwa ikitoka upande wa pili, ikayavaa mabehewa yaliyotupwa njiani kwake. Treni ya nne ilikuwa njiani pia, ikiwafuata wenzake kwenye reli ileile. Dereva wake aliyaona mabaki mbele na akafaulu kusimama zikiwa zimebaki mita 60 hivi.

Watu 35 walikufa. Waliojeruhiwa walikaribia 500, na kati yao 69 waliumia vibaya. Wengi wa waliokufa walikuwa katika mabehewa mawili ya mbele ya treni ya Poole. Wa kwanza kufika kuwasaidia walikuwa wanafunzi na walimu wa Emanuel School, shule inayopakana na reli hiyo. Majeruhi wengi walipelekwa hospitali ya St George's iliyoko Tooting, na wa mwisho aliondolewa eneo la ajali saa saba mchana.

Taa iliyodanganya

Mfumo wa taa za reli umejengwa juu ya kanuni moja: kitu chochote kikiharibika, taa iwe nyekundu. Umeme mdogo hupitishwa kwenye vyuma vya reli. Treni inapoingia katika kipande hicho cha reli, magurudumu yake huunganisha chuma cha kushoto na cha kulia, umeme hukatwa njiani, na swichi ya sumaku iitwayo relei huachia. Relei ikiachia, taa ya nyuma ya treni hubadilika kuwa nyekundu. Waya ukikatika au umeme ukizimika, matokeo huwa yaleyale: nyekundu. Treni zitachelewa, abiria watalalamika, lakini hakuna atakayekufa. Hitilafu inayoogopwa na kila fundi wa reli ni ile inayokwenda upande wa pili, yaani kitu kinaharibika na taa inabaki ya kijani.

Ndiyo hitilafu iliyotokea Clapham Junction. Mfumo wa taa wa eneo la Waterloo ulikuwa wa miaka mingi na ulikuwa ukibadilishwa. Jumapili tarehe 27 Novemba 1988, wiki mbili kabla ya ajali, fundi mmoja mwenye uzoefu mkubwa alikuwa ndani ya chumba cha relei akiunganisha nyaya za taa mpya na kuondoa zile za taa ya zamani. Waya mmoja wa zamani aliufungua upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki umefungwa kwenye fyuzi, kwa hiyo ulibaki na umeme. Ncha iliyofunguliwa hakuikata wala kuifunika kwa utepe mpya wa kuzuia umeme, wala hakuifunga mbali na mahali pake pa awali. Aliusukuma kando tu. Waya ule mnene wa zamani ulikuwa umekaa katika mkunjo wake kwa miaka mingi, na kwa asili yake ulikuwa na tabia ya kurudi ulikotoka.

Siku ile haukurudi. Taa ilipojaribiwa ilifanya kazi sawasawa, na kwa wiki mbili treni zikapita salama. Hili linastahili kuzingatiwa, kwani ndilo linalowapotosha watu wengi makini: jaribio lilifaulu, na kosa lilikuwepo. Jumapili tarehe 11 Desemba, fundi yuleyule alirudi katika chumba kilekile kubadilisha relei nyingine iliyo jirani. Katika kuitoa na kuirudisha, waya ukatikiswa, na ncha yake ikagusa kituo chake cha zamani. Kuanzia hapo taa ilipata umeme kwa njia ya uchochoro, kana kwamba reli ilikuwa tupu, hata kama treni imesimama juu yake. Saa zisizozidi ishirini na nne baadaye, ajali ikatokea.

Mtu aliyechoka

Wananchi walitaka kujua ni nani mzembe huyo. Jibu la uchunguzi uliongozwa na mwanasheria Anthony Hidden, na ripoti yake kuchapishwa mwaka 1989, halikuwaridhisha waliokuwa wakimtafuta mwovu. Fundi yule hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, na hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa mtu aliyeheshimika kwa bidii. Katika wiki 13 zilizotangulia alikuwa amepumzika siku moja tu.

Wala hakuwa peke yake. Zaidi ya robo ya wafanyakazi wa mradi ule walikuwa wamefanya kazi siku saba kwa wiki, kila wiki, kwa kipindi hicho chote. Kazi nyingi ililazimika kufanywa mwishoni mwa wiki wakati treni ni chache, watumishi hawakutosha, mishahara ilikuwa midogo, na malipo ya saa za ziada yalikuwa ndiyo yanayomwezesha mtu kukidhi mahitaji ya nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha mtu kwa fimbo. Mwajiri alihitaji saa hizo na mfanyakazi alihitaji fedha hizo, na kati yao hakukuwa na mtu wa tatu aliyehesabu siku.

Asubuhi ya tarehe 27 Novemba fundi huyo alikatizwa kazi kwa muda mfupi, kisha akarudi kuendelea. Yeyote aliyewahi kuandaa dawa kwenye trei, akaitwa kwa jambo la dakika chache, kisha akarudi, anajua kinachoweza kutokea: mkono hushika kazi pale unapodhani uliiachia, wala si pale ulipoiachia kweli. Uchunguzi ulikubali kwamba uchovu wa wiki zile ulikuwa umempunguzia umakini. Wakati huohuo ripoti ilitahadharisha dhidi ya kumhukumu mtu kwa kutumia mwanga wa mambo yaliyokwisha kutokea, kwa sababu baada ya msiba kila tendo la jana huonekana la kijinga.

Maelezo ya kisayansi kuhusu uchovu yalikuja kuimarika baadaye. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hushuka uwezo wake wa kutenda sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu; akifikisha saa 24, hulingana na mwenye asilimia 0.10 hivi, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kuendesha gari nacho. Mwaka 2004 utafiti uliofanywa Marekani kwa madaktari walio mafunzoni katika vyumba vya wagonjwa mahututi uligundua kwamba waliofuata ratiba ya zamani, yenye zamu zinazozidi saa 24, walifanya makosa makubwa zaidi kwa kiasi cha asilimia 36 kuliko walipofuata ratiba iliyofupishwa. Jambo lenye kutia hofu ni kwamba aliyechoka ndiye asiyeweza kuupima uchovu wake vizuri. Muuguzi anayeongeza zamu ya usiku juu ya zamu ya mchana kwa sababu mwenzake hakufika hujiambia kwamba amezoea. Fundi wa Clapham Junction naye alikuwa amezoea.

Nani alipaswa kuhesabu

Hata hivyo, kosa la fundi mmoja halikutosha kuua watu 35. Kulikuwa na kinga ya pili, rahisi kiasi cha kudharauliwa: kuhesabu nyaya. Mtu mwingine, asiye yule aliyefanya kazi, huchukua mchoro, hutazama kila kituo cha relei, na kulinganisha idadi ya nyaya zilizoko na zile zinazopaswa kuwepo. Waya wa ziada ungeonekana kwa dakika chache.

Hakuna aliyehesabu. Fundi hakuhesabu kazi yake mwenyewe. Msimamizi wake siku hiyo alikuwa nje relini akishiriki kazi kwa mikono yake, na hakuingia chumbani kukagua. Mhandisi aliyehusika na majaribio alihakikisha taa inawaka inavyotakiwa, lakini hakuona kwamba kuhesabu nyaya ni wajibu wake. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwenzake amekwisha kufanya, na wote watatu waliondoka jioni ile wakiwa na dhamiri safi.

Kibaya zaidi, onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1985, katika eneo la Oxted kusini mwa Uingereza, zilitokea hitilafu za taa zilizofanana na hii, kwa bahati bila kuua mtu. Baada yake uliandikwa waraka mpya wa namna ya kujaribu kazi za ishara, uliosisitiza ukaguzi wa nyaya. Waraka ulisambazwa. Lakini hayakufanyika mafunzo ya kuufuata, baadhi ya waliohusika hawakuuelewa kuwa unawahusu, na hakuna aliyekwenda kuangalia kama unafuatwa. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa kwa karatasi. Namna ile fundi alivyoacha ncha za nyaya bila kuzikata wala kuzifunika haikuwa kuteleza kwa siku moja. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia kwamba si sahihi.

Kutoka chumba cha relei hadi chumba cha upasuaji

Muuguzi wa chumba cha upasuaji hahitaji kuelezwa zaidi. Kabla ya tumbo kufungwa, vitambaa vya kufyonzea damu, sindano na vifaa huhesabiwa kwa sauti, na hesabu hulinganishwa na ile ya mwanzo. Kitambaa kilichosahaulika tumboni hufanana sana na waya wa Clapham Junction: upasuaji huonekana umefaulu, mgonjwa huamka, huruhusiwa kwenda nyumbani, na madhara hujitokeza siku au miezi baadaye, pengine katika hospitali nyingine.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakukununuliwa mashine mpya ya thamani.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, lakini si haki kwa msomaji. Mwaka 2014 jimbo la Ontario, Kanada, lilichapisha matokeo ya hospitali 101 zilizotakiwa kutumia orodha hiyo, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Tofauti hiyo imejadiliwa sana. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni yaleyale ya waraka wa reli: orodha inaweza kujazwa bila kufanywa. Alama zikiwekwa zote kwa pamoja mwisho wa siku, na mtu mmoja akiwa ameketi mezani, kilichopo ni karatasi tu. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2003 kuhusu vifaa vilivyosahaulika mwilini uligundua kwamba katika kesi nyingi ambazo hesabu ilifanywa, hesabu ya mwisho ilikuwa imeandikwa kuwa ni sahihi. Hatari iliongezeka mno katika upasuaji wa dharura na pale mpango wa upasuaji ulipobadilika ghafla, yaani hasa wakati timu inapoona haina muda wa kuhesabu.

Kwa hiyo neno la kushikilia katika habari hii yote ni “mwingine”. Hesabu ni kinga ikifanywa na mtu mwingine, anayetazama kwa macho yake na si kwa kumwamini mwenzake. Mfuko wa damu unapotundikwa, watumishi wawili husoma jina, namba na kundi la damu, kila mmoja kwa kutazama lebo mwenyewe. Wa pili akiitikia tu “sawa” akiwa mlangoni, mgonjwa amekaguliwa mara moja na kuandikwa mara mbili. Vivyo hivyo kwa dozi ya dawa ya mtoto iliyokokotolewa kwa uzito, na kwa makabidhiano ya zamu. Katika hospitali ambayo muuguzi mdogo hawezi kumwambia daktari bingwa “subiri, hesabu haijatimia”, kinga hiyo haipo, hata kama karatasi ipo.

Ripoti ya Hidden ilitoa mapendekezo 93. Baadhi, hasa ya kufunga mfumo wa kusimamisha treni wenyewe kote nchini, yalikwama kwa sababu ya gharama. Yale ya saa za kazi yalishika: zamu isizidi saa 12, wiki isizidi saa 72, mapumziko ya saa 12 kati ya zamu na zamu, na katika siku 14 mtu asifanye kazi zaidi ya siku 13. Msomaji anayefanya kazi katika kituo cha afya chenye wauguzi wawili atayaona makomo haya kuwa ndoto, na kwa kweli bado ni makali. Lakini hata kituo cha namna hiyo kinaweza kuandika katika daftari nani amelala lini, na kumwekea aliyekesha kazi zisizohitaji kukokotoa dozi peke yake. Mwaka 1991 shirika la reli la Uingereza lilitozwa faini ya pauni 250,000. Hakuna mtu binafsi aliyefungwa.

Upande wa mgonjwa

Mgonjwa anayepelekwa upasuaji huulizwa jina lake wodini, huulizwa tena mlangoni, na huulizwa mara ya tatu mezani, kisha huulizwa ni sehemu gani inayopasuliwa na kama ana mzio wa dawa. Baadhi hukasirika na kudhani faili limepotea. Faili lipo, kila anayeuliza anatakiwa asikie jibu kwa masikio yake. Mgonjwa naye ana haki ya kulitaja jina lake kamili badala ya kuitikia tu anaposomewa, kwani mtu mwenye homa au hofu huitikia hata jina lisilo lake. Kama mguu unaopasuliwa ni wa kulia na alama imewekwa wa kushoto, aseme hapohapo.

Baada ya upasuaji wa tumbo, ukiwemo wa kujifungua, maumivu yasiyoisha, homa inayojirudia, uvimbe tumboni au kidonda kinachotoa usaha wiki au miezi baadaye ni sababu ya kurudi hospitali na karatasi zote za upasuaji, kutaja tarehe na mahali ulipofanyika. Vitambaa vingi vya chumba cha upasuaji vina uzi maalumu unaoonekana kwenye picha ya eksirei. Visivyo na uzi huo hutafutwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, na daktari atavitafuta kwa haraka zaidi akijua mapema kwamba mgonjwa aliwahi kupasuliwa.